Kizibo cha Msiba

Kizibo nilikianzisha mimi. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi kila mtu hapa Maghala Saba anajifanya hakijui, utadhani kilidondoka chenyewe kutoka juu.

Siku Mama Matagi alipokuja kuchukua cha kwake nilikuwa kwenye ngazi ya ghala la nne, nafukiza. Ilikuwa saa nne asubuhi na chuma kilishaanza kuchoma viganja. Ghala la nne ni pipa refu kuliko mnara wa kanisa. Ndani yake yalikuwamo mahindi ya mtaa wote wa nne, watu elfu moja na mia tisa, na ubavuni mwake tangi la kiini. Kiini ni mafuta ya mchaichai, kivumbasi na karafuu, yamechujwa kwa mvuke mara tatu mpaka tone moja likikugusa jicho unalia hadi jioni. Jiko dogo chini ya tangi linayachemsha polepole, mvuke unapanda kwenye mabomba, unapita katikati ya punje, na kuvu inakufa. Ukiacha kufukiza siku tatu tu, mahindi yanaota manyoya ya kijani. Dawa za viwandani zilikwisha nguvu enzi za bibi yangu. Kuvu ilizizoea, ikawa inazila kama uji. Tukabaki na majani yetu.

"Hodi huko juu! Mama Nyemo!"

"Karibu. Ngoja nishuke."

"Usishuke mbio, utavunjika. Baba Matagi ametutoka."

Nilishuka. Macho yake yalikuwa makavu, kama macho ya watu wote wa mtaa wa nne mwezi ule. Walishalia vya kutosha.

"Pole, dada yangu. Lini?"

"Alfajiri. Wiki nzima macho yalikuwa ya njano na tumbo limemjaa. Ndugu zake wa Mpwapwa wametuma neno tusizike mpaka wafike. Kesho jioni."

Kesho jioni! Katika joto lile! Wageni hawaelewi jambo hili, kwa hiyo nitalisema mara moja tu. Kuvu haichagui punje na mtu. Maiti ikikaa saa nane, uso unaanza kuota. Kwanza pembeni mwa midomo, halafu kope. Mume wangu Masima alipofariki tulimsubiri kaka yake mkubwa siku nzima, na binti yetu Nyemo, wakati huo ana miaka kumi na miwili, aliingia chumbani kumuaga baba yake akamkuta kijani. Hakupiga kelele. Alivua kilemba changu kichwani kwangu akajaribu kumfuta. Kuvu ikifutwa inarudi.

Baada ya arobaini nilisema: sitaki nyumba nyingine ione kile alichokiona mwanangu. Nilikuwa mfukizaji mkuu, funguo za matangi yote saba ninazo mimi. Nikaamuru kila nyumba yenye msiba ipewe kiini cha kumpaka marehemu uso na mikono. Kipimo ni kile kifuniko cha chupa ya chai, kile unachoweza kunywea. Watu wakakiita kizibo. Walinibusu mikono kwa ajili ya kizibo, nisiwadanganye. Kuna watoto wa kike wawili mjini wanaitwa Sechelela, jina langu, kwa ajili yangu.

Tatizo lilikuwa kengele. Kila tangi lina mshale, na kiini kikishuka chini ya alama kabla ya siku ya kujazwa, kengele inalia Barazani na mfukizaji anaitwa kujieleza. Lakini alizeti ina rangi ileile. Kizibo kimoja kikitoka, kizibo kimoja cha alizeti kinaingia, mshale unarudi, kengele inanyamaza. Kizibo kimoja kwenye tangi la lita mia na ishirini kitafanya nini? Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na hivyo ndivyo nilivyowaambia wafukizaji wenzangu kwa miaka tisa.

"Nyemo!" niliita. "Njoo umpelekee mama yako mkubwa hiki."

Mwanangu alitokea kwenye kibanda cha mchaichai, mikono imejaa majani, miaka ishirini na moja, mrefu kama baba yake na mdomo kama wa kwangu.

"Mama, mimi sasa ni tarishi wa marehemu. Ungenilipa kwa kila kizibo, ningekuwa nimeshajenga."

"Nenda. Na ukae matangani, usiwe mtu wa kuweka kitu mlangoni na kukimbia."

"Najua, najua. Nikae, nilie kidogo, nile ugali wao. Kukataa ugali wa msiba ni kumtukana marehemu." Aliniigiza sauti mpaka Mama Matagi, na kifo chote kile nyumbani kwake, akacheka.

Waliondoka wakiwa wameshikana mikono. Mimi nikapanda na dumu la alizeti.

*

Siku tatu baadaye Chilongani aliniita nyuma ya ghala. Chilongani ni mpimaji wetu, mzee wa miaka hamsini na tisa, mjane, mtu wa maneno ya pembeni. Alikuwa amefunua turubai nyuma ya tangi la nne. Chini yake palikuwa na madumu matupu ya alizeti, ya lita tano tano, kumi na moja.

"Mama Nyemo, mnakaanga maandazi huku?"

"Sema ulichoniitia."

"Nakuuliza maandazi."

"Chilongani, mimi si mke wako, usinizungushe."

Akaacha kutabasamu. Alinionyesha karatasi za zahanati. Hapa kwetu kila mtoto akizaliwa anawekewa kidoti chini ya ukucha wa dole gumba la kushoto. Damu ikiwa safi, kidoti ni cheupe. Sumukuvu ikianza kuuma ini, kinakuwa njano. Ini likichoka, kinakuwa kahawia, rangi ya chai ya rangi. Mtaa wa nne, kati ya watu elfu moja na mia tisa, mia sita na arobaini walikuwa kahawia.

"Haiwezekani," nilisema. "Mahindi yale hayana hata unyoya mmoja. Nimeyachota mwenyewe juzi. Yananukia mchaichai."

"Ndiyo shida yenyewe, yananukia. Kipimo cha mvuke kilikufa miaka mitatu iliyopita, kipuri hakuna, tukawa tunapima kwa pua. Pua zetu zimezoea." Alipiga tangi kwa kidole. "Alizeti haipandi na mvuke, mama. Inabaki chini. Kila msimu unaongeza kiini juu yake mpaka kwenye alama, lakini alizeti ya miaka tisa bado imo humu. Karibu nusu ya tangi hili ni mafuta ya kupikia. Mvuke unaotoka ni nusu."

"Basi nusu itaua nusu ya kuvu."

"Ingekuwa hivyo ningekuwa nimelala nyumbani. Kiini kikamili kinaua kuvu. Kiini hafifu hakiiui, kinaichokoza. Inaacha kuota manyoya, huioni kwa macho, ila inatoa sumu mara kumi. Ni kama nyoka uliyemkanyaga mkia."

Nilikaa juu ya dumu.

"Homa ya mvua iliua watu ishirini na wawili mtaa huu," aliendelea, na sauti yake haikuwa na huruma hata kidogo. "Ukatoa vizibo ishirini na viwili kwa wiki tatu. Tangi lililokuwa ukingoni likavuka. Watu wakaanza kufa kwa ini. Ukatoa vizibo vya hao. Wakazidi kufa. Ukazidi kutoa. Wale wa homa ni wa Mungu. Hawa wengine mia moja na kitu umewaua wewe."

"Tumewaua sisi."

"Mimi sijawahi kushika kizibo chako."

"Ulishika. Mkeo alipofariki nilikuletea mwenyewe, mkononi, na ukanishukuru ukiwa umepiga magoti."

Nilimwona akikumbuka, na nikafurahi kumwona anaumia, maana sikutaka kuumia peke yangu.

"Matangi mengine?" nikauliza.

"Hayajavuka. Bado. La kwanza liko karibu sana. Na kuitoa alizeti ni kuzima tangi wiki mbili, wakati kuvu inataka siku tatu tu. Mpaka kiini kipya kitoke shambani hatuwezi kugusa chochote."

"Na hawa wa kahawia? Wameshakwisha?"

"Sio wote. Ukiwalisha mahindi safi miezi sita, mmoja kati ya watatu ini lake linarudi. Nimeliona hilo."

Mmoja kati ya watatu. Watu mia mbili na kitu. Nilipiga hesabu pale pale kwenye vumbi kwa kidole. Maghala sita yaliyobaki yaliwatosha watu wa mitaa sita mpaka mavuno, bila ziada ya debe. Ukiwaongeza watu wote wa mtaa wa nne, chakula kinakwisha wiki tano kabla. Mimi nimeiona njaa ya wiki tano. Mwaka ule tulizika watoto wawili wawili kwenye shimo moja ili wachimbaji wasichoke.

"Hilo la mmoja kati ya watatu," nikamwambia, "usiliseme Barazani."

"Mama Nyemo."

"Usiliseme. Na madumu haya yachome."

Akainama, akaanza kuyakusanya madumu.

*

Barazani nilisema ghala la nne limepata ufa, unyevu umeingia na mahindi yamepata sumu. Uongo mwepesi, watu waliumeza bila maji. Mwenyekiti Magawa, mzee mwenye moyo laini kupita kiasi kwa cheo chake, alishika kichwa.

"Tuyachome mahindi yale, mama. Tugawane haya mengine. Mungu atafungua njia."

"Mungu atafungua makaburi," nikajibu. "Mzee, tukigawana, mtaa wako utaanza kuzika watoto mwezi wa tatu. Nyote mliomo humu mlikuwepo mwaka ule. Nani anataka kurudia? Anyooshe mkono nimwone."

Hakuna aliyenyoosha.

Nikawaambia nilichokifikiri. Watu wote wa mji wakaguliwe kucha, maana wa mtaa wa nne wameoa na kuolewa kila mahali. Wenye kidoti cheupe na wenye njano wagawiwe kwenye maghala sita, chakula kitawafikisha mavuno wakibana mkanda. Wenye kahawia wakae mtaa wa nne na waendelee kula ghala la nne.

Vichwa vyote viligeuka kwa Magawa.

"Tuwalishe sumu?" Magawa alisema polepole. "Tukijua?"

"Wameshaila. Ini lao limekwisha. Ukimpa wa kahawia mahindi safi umeyatupa, na umemnyang'anya mtoto mwenye afya."

"Hawaponi kabisa? Hata mmoja?"

Chilongani alikuwa amekaa karibu na mlango, anatazama vidole vyake. Nilimsubiri. Hakuinua kichwa.

"Hata mmoja," nikasema.

Jambo lingine lilikuwa hina. Habari ya vidoti ilishavuja, na wanawake wa mtaa wa nne walikuwa wanapaka kucha hina ili kuficha. Magawa alitaka tuwape wiki mbili hina ififie. Nikasema hatuna wiki mbili. Mwenye hina kwenye dole gumba la kushoto ahesabiwe kahawia, basi, atajua mwenyewe kwa nini alipaka. Walinung'unika, kisha wakakubali. Na kizibo, nikasema, kuanzia leo hakuna. Hapo ndipo waliponishangaa, maana wengine walidhani mimi na kizibo ni kitu kimoja. Lakini hawakuuliza, na mimi sikueleza. Walinyoosha mikono mmoja mmoja, Magawa wa mwisho, na machozi yanamtoka bila aibu.

Nilimdharau kwa machozi yale. Siku hizi simdharau tena.

*

Tulikagua kwenye lango kuu, mchana kweupe, siku mbili mfululizo. Nilikaa mimi mwenyewe mezani. Wengine walitaka kumweka karani, nikakataa. Mtu anayetunga sheria kama ile aikalie.

Kushoto mstari wa cheupe na njano. Kulia mstari wa kahawia, kuelekea mtaa wa nne, ambako mafundi walikuwa wanaweka wavu wa chuma.

Mama Matagi alifika siku ya pili. Aliweka kidole mezani kabla sijamwambia. Kahawia.

"Kulia, dada."

"Najua." Hakuondoka. "Mama Nyemo, siku ile uliponipa kizibo, mume wangu alizikwa na uso wake. Ndugu zake walimbusu. Sitakusahau kwa hilo."

Nilitamani anitemee mate. Nikarudia, "Kulia," nikaita anayefuata.

Anayefuata alikuwa binti wa mtaa wa pili, rafiki wa Nyemo, hina mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Ni ya harusi ya Ndalu, mama! Jumamosi! Ulikuwepo, ulicheza!"

"Kulia."

"Mama, mimi sijawahi hata kukanyaga mtaa wa nne!"

"Sheria ni sheria. Kulia."

Walimvuta. Alikuwa analitaja jina langu, na baadaye jina la mama yake, na baadaye hakutaja jina la mtu, ni kelele tu. Nilipoinua uso kumwita anayefuata, nikamwona mwanangu.

Nyemo alikuwa ameficha mikono nyuma kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo na ameiba sukari. Alijaribu kunichekesha.

"Shikamoo mheshimiwa."

"Weka kidole."

"Mama, unajua hii ni ya harusi ya Ndalu. Uliniona napakwa."

"Weka kidole mezani."

Aliweka. Hina nyekundu, nzuri, maua madogo, na ukucha wa dole gumba umekolea kabisa. Nyuma yake watu hamsini, sitini, na kulia kwangu yule rafiki yake bado anasikika. Mama Matagi alikuwa amesimama kwenye wavu, ananitazama.

Kulikuwa na wembe mezani wa kukatia kamba za kadi za mgao. Nikauchukua. Nikaanza kuukwangua ukucha wa mwanangu, mdogo mdogo, unga mwekundu unadondoka juu ya meza. Sikumfanyia hivyo binti yeyote kabla yake. Watu waliona. Mmoja akasema kwa sauti, "Haa! Kumbe ukucha unakwanguka!" Sikujali. Nilijua ni cheupe. Anaishi kwangu, mtaa wa kwanza, anakula nilichopika mimi. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuwaambia: mmeona, huyu ni mweupe, mrudisheni na yule mwingine.

Chini ya hina palikuwa na kahawia.

"Umekula wapi?" Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Nyemo, umekula wapi?"

Alikuwa anatazama kidole chake kana kwamba ni cha jirani.

"Kwenye misiba, Mama. Ulinituma. Kila siku nyumba moja, siku nyingine mbili. Nilikuwa nakula kidogo tu, kwa heshima."

Nilishika mkono wake. Ulikuwa wa moto. Ningeweza kusema cheupe. Nimelifikiria hilo kila siku tangu siku ile: nani angebisha, mimi ndiye niliyekuwa na meza? Lakini watu walikuwa wameinama kuangalia, na walishakiona.

Akaniuliza, taratibu, lakini mstari wote ulikuwa umenyamaza kusikiliza: "Mama, wa kahawia kweli hawaponi? Hata mmoja?"

Mmoja kati ya watatu, akila safi miezi sita. Maneno manane. Ningeyasema pale, wavu ule ungelala chini kabla ya adhuhuri, na watu mia sita wangeingia kwenye maghala sita, na kabla ya mavuno mji mzima ungekuwa unachimba. Niliyaona makaburi yale ya watoto. Niliwaona Masechelela wangu wawili, mmoja alikuwa kwenye mstari huohuo amebebwa mgongoni.

"Hawaponi," nikamwambia mwanangu.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la bei. Kisha akatoa mkono wake kwangu, akaenda kulia, akamshika Mama Matagi bega, na wote wawili wakaenda kumtafuta yule binti aliyekuwa analia.

*

Nilimfuata baada ya wiki mbili. Usinihukumu, au nihukumu, shauri yako. Nilificha unga wa ghala la kwanza ndani ya khanga, kilo nne, nilioutoa kwenye mgao wangu mwenyewe, nikapita kwenye wavu kwa cheo changu.

Alikuwa anaishi kwa Mama Matagi. Macho yalishaanza kuwa njano. Alikuwa anamsuka yule rafiki yake nywele na kumsimulia jambo la kipuuzi, wote wanacheka. Aliponiona akaacha kusuka.

"Nimekuletea unga," nikasema. "Ule wewe. Wewe peke yako."

"Wa nini?"

"Ule tu, mwanangu."

"Mama, wewe umesema hatuponi. Kama hatuponi, unga safi wa nini? Mpelekee mtoto mwenye ini." Alinitazama usoni, na Mama Matagi naye akanitazama. Rafiki yake aligeuka, nywele nusu zimesukwa. "Au kuna kitu hujatuambia?"

Hapo ndipo nilipokosa. Si mezani. Mezani kulikuwa na watu na kelele na jua, mtu anaweza kujitetea. Hapa tulikuwa wanawake wanne chumbani, na nilikuwa na unga mkononi na mwanangu ananiuliza. Lakini Nyemo hakujua kunyamaza tangu kuzaliwa. Ningemwambia saa hiyo, jioni mtaa wote ungekuwa unajua. Sikuwa na namna ya kumwokoa yeye peke yake, ila kwa kumwambia, na nikimwambia hatakubali kuwa peke yake.

"Hakuna kitu," nikasema.

"Basi rudi na unga wako, Mama."

Nikarudi nao. Njiani kilo zile nne zilinilemea mpaka nikakaa chini mara mbili.

*

Alikufa wiki ya tisa, alfajiri, saa kumi na moja. Walimleta kwangu kwenye machela, maana wafu walikuwa wanaruhusiwa kutoka kwenye wavu. Nilimwosha kwa maji na sabuni. Alikuwa mwepesi, tumbo tu ndilo lililobaki na uzito. Nilimvika gauni alilovaa kwenye harusi ya Ndalu.

Mjomba wake, kaka yangu, alikuwa njiani kutoka Mpwapwa. Kwetu mjomba asipofika binti hazikwi. Neno lilikuja kwamba gari limeharibika, atafika kesho.

Saa saba mchana niliona alama ndogo pembeni mwa mdomo wake, kama mtoto aliyekula mboga na hakufutwa. Nikaifuta kwa kilemba changu. Ikarudi.

Nilichukua kifuniko cha chupa ya chai kabatini, nikaenda ghala la kwanza. Wafukizaji walikuwa wamekwenda kula. Chilongani alikuwa amekaa chini ya ngazi, kivulini, kama mtu aliyekuwa ananisubiri tangu asubuhi.

"Pole, Mama Nyemo."

"Asante."

"Mzike leo."

"Mjomba wake hajafika."

"Mzike leo, nakuomba. Nitachimba mwenyewe. Mjomba atakuja aone kaburi, atanipiga mimi." Aliona kifuniko mkononi mwangu. "Tangi hili liko ukingoni. Nilikuambia. Mtaa huu una watu elfu mbili."

"Najua wana idadi gani."

"Unajua zaidi ya mtu yeyote duniani! Wewe na mimi tu ndio tunaojua!"

"Umemaliza?"

Aliinuka, akasimama mbele ya ngazi. Nilifikiri atanishika, na nadhani nilitaka anishike. Lakini alikuwa anakitazama kile kifuniko, na nikajua anamwona mkewe, uso safi, kana kwamba amelala. Akasogea pembeni.

Nikapanda. Nikafungua koki, kiini kikashuka, harufu ikanitoa machozi ambayo sikuwa nimeyatoa tangu lango kuu. Kikajaa mpaka ukingoni. Juu ya tangi mshale ulishuka kidogo chini ya alama.

"Kimoja tu," nikamwambia Chilongani kutoka juu.

Nikakiweka kizibo pembeni kwa uangalifu kisimwagike, nikafungua dumu la alizeti, nikamimina mpaka mshale ukarudi mahali pake.